Maneno Aliyoyabania Jamiru

Ungemuuliza mtu wa Burumba, mtaa wa Busia, mwaka wa sitini na tano, "Jamiru ni nani?" asingekwambia ni mnunuzi wa ngozi. Angekwambia, "Yule mwenye kitabu."

Na hali ngozi ndizo zilizomlisha. Elimu yake iliishia darasa la nne, huko upande wa Bugiri, ng'ambo ya mpaka. Alipovuka kuja Busia alianza na ngozi moja ya mbuzi, tena ya mkopo, na kufikia uhuru alikuwa na baiskeli mbili, nyumba ya mabati, na mke aliyemtolea mahari yote kwa mkupuo mmoja bila kuomba apunguziwe. Hiyo ndiyo biashara pekee ambayo Jamiru hakuwahi kupatana bei, na mkewe Maimuna alimkumbusha kila walipogombana.

Kitabu chenyewe kilitokana na bafu. Mzungu mmoja wa forodha alikuwa anarudi kwao, akatandaza vitu vyake barazani auze. Jamiru alikwenda kutafuta bafu la bati la kulowekea ngozi. Alipatana mpaka yule mzungu akachoka, kisha Jamiru akagoma kulibeba mpaka aongezewe kitu cha juu. Mzungu akaokota sanduku la kadibodi miguuni pake, akalitupa ndani ya bafu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Sandukuni mlikuwa na ubao wenye vyumba vidogo vidogo na herufi za mbao, kila herufi na thamani yake. Unapanga herufi zako ubaoni zifanye neno, likamatane na la mwenzio, unahesabiwa pointi. Jamiru angeliwapa watoto walichezee mavumbini kama Hasina asingeliona. Hasina alikuwa na hoteli ya chai kando ya barabara ya mpakani, mama wa maneno, asiyeshindwa na mteja wala na polisi. Akasema, "Lilete hapa kwangu. Watu wakikaa sana, wanakunywa sana."

Taabu ikawa ni herufi. Kiswahili kinakula A kama nyumba ya harusi inavyokula chumvi, na mzungu alikuwa ameziweka tisa tu. Edris seremala akachonga nyingine ishirini kwa mvule. Zikatoka nene kidogo kuliko zile za mzungu, na mjanja akitia mkono katika mfuko wa herufi alizijua kwa kidole. Basi ikawekwa sheria: herufi huchotwa kwa kijiko cha chai, na atakayeingiza kidole anakosa zamu. Mgeni akiingia hotelini Jumamosi alasiri aliwakuta watu wazima, makarani na wachuuzi, wanachota mbao mfukoni kwa kijiko kama wanaotafuta dawa, na hakuna anayecheka.

Hilo likatulia, likazuka kubwa zaidi. Kila mtu alikuwa na Kiswahili cha kwao. Dereva wa Mombasa analeta lake, mama wa Tororo lake, na huyu anamwambia yule, "Neno gani hilo? Umelitunga sasa hivi!" Siku moja vikombe viwili vilivunjika. Jamiru akasema, "Ngojeni. Hata ngozi nikiletewa sinunui kwa kuambiwa, nainusa kwanza." Akanunua daftari la jalada gumu, na yeye ndiye aliyetoa kanuni. Neno litaingia kitabuni likipata mashahidi wawili, mmoja wa upande huu wa mpaka na mmoja wa upande ule. Wa kwanza anasema maana yake, wa pili amesimamishwa nje nyuma ya pipa la maji asisikie. Kisha wanabadilishana. Maana zikikutana, neno linaandikwa, na maana yake, na majina ya waliolileta. Zisipokutana, kila mtu arudi na neno lake nyumbani.

Kanuni ilikuwa nzuri, hata mahasidi wake walikubali. Ila Jamiru aliyaandika maneno jinsi yalivyokuja. La Jumamosi hii juu, la Jumamosi ijayo chini yake, kurasa mia na zaidi zenye madoa ya chumvi na mafuta ya ngozi. Mtu mwingine akikishika kitabu kile alikuwa kama aliyeingia ghala la mwenzake gizani. Jamiru alifumba macho, akalamba kidole, akasema, "Hilo lililetwa siku ya mvua ya mawe," akafunua, likawepo. Watu wakaguna. Kiti chenye mikono kikawa chake. Andazi la kwanza kutoka kwenye karai likawa lake, na chai halipi. Mfanyabiashara anajua raha ya kuwa na bidhaa ambayo hakuna mwingine anayo. Jamiru aliionja raha hiyo miaka miwili.

Halafu akaja Callistus.

Alikuwa kijana wa Marachi, mwembamba, mpole wa kukera, karani wa vifurushi steshenini Malaba. Alikuja Jumamosi moja pamoja na Omoding, fundi baiskeli wa huko huko Malaba, kwani nao walikuwa wamejichongea ubao wao. Kwapani alibeba fungu la vikadi, vile vya kufungia vifurushi, vyenye tundu la kupitishia kamba. Vilikuwa vimekwisha kutumika upande mmoja.

Siku hiyo likawekwa neno *ngawira*, na mtu akalipinga. Jamiru akafumba macho, akalamba kidole, akaanza kufunua.

"Lipo," akasema Callistus taratibu. "Mali inayotekwa vitani."

Alikuwa ameshika kikadi kimoja kati ya vidole viwili. Jamiru bado alikuwa ukurasa wa ishirini.

"Hee!" akasema Hasina. "Umelipataje upesi hivyo, mwanangu?"

"Yamefuatana tu, mama. A, kisha B, kisha CH. Kila neno na kikadi chake. Likija jipya nafungua kamba, nalitia mahali pake, nafunga. Mtu yeyote anaweza kulitafuta. Jaribu wewe."

Hasina akafuta mikono kwa leso, akatafuta *jamvi*, akalipata kabla chai haijafurika jikoni. Akacheka kama mtoto. Watu wakasogea, kila mmoja akitaka kujaribu lake, na kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze, kiti chenye mikono kikabaki nyuma ya migongo ya watu. Jamiru aliketi humo akitazama mashati ya wenzake.

Si kwamba kijana alikuwa na maneno mengi. Jamiru aliyapima kwa jicho, kama anavyopima lundo la ngozi: nusu ya yake, labda pungufu. Kilichomkata ni kile kitundu na ile kamba. Akili rahisi kiasi hicho, ya bure, imelala mezani kwa kila karani, na haikumjia yeye.

Usiku hakula.

"Umerogwa?" Maimuna akamuuliza.

"Ana vikadi vya kuokota."

"Nani?"

"Karani wa Malaba. Eti kila mtu anaweza kulitafuta neno mwenyewe. Sasa kama kila mtu anaweza, mimi nitakuwa nani pale?"

"Utakuwa mtu anayelipa chai yake kama wanaume wengine. Kula, wali unapoa."

Jumamosi zilizofuata zilikuwa mbaya. Callistus hakuja kila mara, lakini watu walikuwa wamekwisha onja. Jamiru akichelewa kidogo tu kufunua, alisikia mtu akinong'ona, "Kwa vikadi ingekuwa tayari." Akaanza kumchunguza yule kijana kama mtu anayetafuta tundu kwenye ngozi. Akasema anaandika kama mwanamke. Akasema mwalimu aliyempa elimu alimsahaulisha heshima. Akasema steshenini vifurushi vinachelewa, na sasa tunajua sababu. Watu walicheka kidogo, kwa adabu, halafu wakarudi kwenye ubao. Na kila kicheko kilichokuwa kifupi kuliko alivyotarajia, Jamiru alikihesabu kuwa kimeibiwa na Callistus.

Mwezi wa nne likaja shauri la mashindano. Busia na Malaba wakutane sikukuu ya Madaraka, katika banda la pamba la Malaba lililokuwa tupu msimu ule, mchezaji mmoja kila upande, zawadi beberu. Busia watamtoa Hasina, kwa kuwa hakuna aliyempita. Malaba watamtoa Omoding. Jamiru na Callistus watakuwa waamuzi. Lakini huwezi kuamua kwa mizani mbili. Ilibidi orodha iwe moja, na Busia wakatunga kanuni: lisilo kwenye kamba ya vikadi si neno.

Callistus akaja Burumba na kamba yake na rundo la vikadi vitupu. "Mzee Jamiru," akasema, "wewe usome, mimi niandike. Maneno yako yote yaingie. Bila wewe hii ni nusu tu."

Mtu mwingine angefurahi. Jamiru alisikia jambo moja tu: *yaingie*. Yakishaingia, kitabu ni karatasi ya kufungia maandazi.

Akaomba siku mbili, akafanya alichofanya maisha yake yote sokoni. Hakuna mnunuzi wa ngozi anayetoa lundo lote siku moja. Anatoa la kutosha soko, lile zuri kabisa analifunika kwa turubai mpaka lihitajike. Usiku huo wa kwanza alipitia kitabu akichagua. Yale ya shuleni na ya redioni aliyaacha, hayo yule kijana atayapata tu hata asipopewa. Aliyoyachagua ni yale adimu, ya jikoni, ya mizigo, ya ghala, yaliyoletwa na mama wauzaji ambao hakuna karani anayewasikiliza. Sitini na moja. Kurasa zake akazikunja ndani, akazibana kwa pini. Akawaza: baada ya Madaraka watabishana, watatafuta kwenye kamba wakose, nao watageuka na kuuliza, "Jamiru yuko wapi?" Mji ukiishiwa chumvi humkumbuka mwenye chumvi.

Siku ya tatu akasoma, Callistus akaandika mpaka kidole kikafanya shimo. Mwishoni kijana akauliza, "Ndiyo yote, mzee?"

"Gunia limekwisha," akasema Jamiru. "Nimekung'uta mpaka vumbi."

Hasina alikuwepo, anamenya viazi. Alisikia.

Siku ya Madaraka banda lilinuka mbegu za pamba. Busia walikuja na basi la asubuhi, na Malaba walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, mama wauza ndizi nao wakichungulia bila kutua mizigo. Omoding alimsalimu Hasina kwa Kiteso, "Yoga, mama. Umeleta kamba ya kufungia beberu?"

"Nimeleta sufuria," akasema Hasina. "Kamba atabaki nayo mwenye kushindwa, ajifunge kiuno."

Walicheza kwa saa mbili. Omoding alikuwa mzito kama anayefunga nati, kila herufi anaigeuza mara tatu. Hasina alichota kwa kijiko na kuweka kama anayetupa mchele. Mwisho mfuko ukawa mtupu, Omoding mbele kwa pointi kumi na moja, na Hasina ana zamu yake ya mwisho na herufi nne mkononi. Akazitazama. Akatabasamu. Akazipanga moja moja kuteremka chini, akiikamata A ya Omoding katikati, ya mwisho ikiangukia chumba chekundu kinachozidisha mara tatu.

N, G, A, T, A.

Burumba walipiga kelele. Omoding akainua mkono. "Ngoja. Ngata ni nini? Mimi sijui ngata. Litafutwe."

Callistus akazipitisha kadi. *Ngano. Ngao. Ngariba. Ngawira.* Akarudi nyuma, akapitisha tena polepole. "Halimo," akasema, na ilionekana hakupenda kulisema. Akamgeukia mwenzake. "Mzee Jamiru?"

Kitabu kilikuwa kwapani, ndani ya koti. Jamiru aliujua ukurasa wake, aliijua hata pini. Alichotakiwa ni kufungua koti. Lakini angefungua mbele ya kijana yule aliyeambiwa gunia limekwisha, na mbele ya Malaba nzima. Tena, nitakwambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakulikiri mpaka miaka ilipopita: ilimtamanisha kuona kamba ya Callistus ikikosa neno mbele ya watu. Hilo lilimpa utamu kidogo, hata pale. Hakukumbuka kuwa ni Hasina wa upande wake atakayeumia.

"Kama halimo," akasema, "halimo."

Mlangoni mwanamke mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akasema kwa sauti, "Ati ngata haimo? Na hii niliyokalishia ndizi ni nini, kofia ya gavana?" Akavuta ncha ya kile kitambaa kilichosokotwa duara chini ya mkungu, watu wakaangua kicheko.

"Hiyo kwetu ina jina lingine," Omoding akasema. "Kanuni ni kamba. Lisilo kwenye kamba si neno. Nyinyi ndio mliotunga."

Hasina hakucheka. Alikuwa amegeuka na kiti chote.

"Mzee Jamiru. Nitazame."

Jamiru akaangalia ubao.

"Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, nani alikuletea neno hili? Si mimi? Si ulinisimamisha nyuma ya pipa, jua la saa saba, nimefunga, mpaka Atyang wa Tororo amalize kueleza lake? Ukaniita ndani, nikasokota leso nikakuonyesha. Ukasema, 'Limeingia, mama.' Limetokaje?"

"Maneno ni mengi, mama. Huenda lilirukwa."

"Basi tuone kitabu."

"Sikuja nacho."

"Kiko kwapani kwa kushoto. Tangu niweke neno hili umekigusa mara tatu."

Mtu wa sokoni akikamatwa na kipimo kifupi hutafuta neno la kupunguza bei. Jamiru akafungua koti tu, akakitoa kitabu. Callistus akakipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kifurushi cha mtu, akaona pini, akazichomoa moja moja na kuziweka mezani zisipotee. Akafunua. Jamiru alimsubiri aseme kitu cha kumdhalilisha, apate cha kumchukia vizuri. Kijana akasema tu, "Lipo. Ukurasa wa sabini na nne. Kitambaa au majani yaliyosokotwa duara, huwekwa kichwani chini ya mzigo. Shahidi Hasina, shahidi Atyang." Akainamia ukurasa, akiona haya kwa niaba ya mtu mwingine.

Burumba wakadai pointi. Malaba wakakataa. Omoding akasema, bila ubaya, "Sisi tulikubaliana kamba. Mwamuzi wenu amewaficha nyinyi wenyewe. Hilo deni si langu."

Na Hasina akanyanyuka, akasema, "Kweli. Beberu ni wako. Sikushindwa na wewe, lakini beberu ni wako." Halafu akamwambia Jamiru, si kwa hasira, kwa sauti ile ya kuagiza unga, "Kuanzia kesho utalipa chai. Na kile kiti nitakikalia mimi, mgongo unaniuma."

Basi la kurudi lilikuwa bado. Hasina hakutaka kungoja bure. Alivuta meza ya waamuzi, akakaa na kitabu upande mmoja, Callistus na vikadi upande wa pili. Yeye anasoma, kijana anaandika, anatoboa, anapitisha kamba. Jamiru aliketi nje kwenye gunia la mbegu, mgongo umeegemea mabati, akasikia kila kitu. *Wishwa. Chenga. Pishi.* Kila neno likitajwa lilikuwa na Jumamosi yake, na mvua yake, na mtu aliyelileta, na yeye ameketi kwenye kiti akisema, "Limeingia." Sasa lilipita midomoni mwa Hasina, likafungwa fundo, likaisha. Yeye alikaa akihesabu mafundo. Angeweza kuondoka. Alikaa.

Karibu na neno la hamsini Hasina akakwama. "Hili limeliwa na chumvi. W, A... nini? Mashahidi wenyewe ni mwenye kitabu na mchonga ngoma wa upande ule." Kisha Callistus akatokea mlangoni na kitabu wazi.

"Mzee, hili silioni vizuri. Na maana yake imefutika."

Jamiru hakuhitaji kutazama. Lilikuwa lake, la kazi yake. Hakuna mtu ndani ya banda lile aliyekuwa nalo, na mchonga ngoma alikuwa amekwisha kufa. Moja. Lingebaki naye moja. Alimtazama kijana, vidole vyenye wino, kola iliyoshonwa upya, na wivu ukampanda mbichi kama siku ya kwanza, hata baada ya aibu yote ile. Haukuwa umepungua hata robo.

"Sikumbuki," akasema.

Callistus akaitikia kwa kichwa, akageuka kurudi ndani. Hakuomba mara ya pili. Hakupatana. Na hilo ndilo lililomshinda Jamiru, kwa kuwa mnunuzi anayeondoka bila kupatana amekwisha kujua anaweza kuishi bila mali yako.

"We," akamwita. "Lete kalamu. Na kikadi. Nitaandika mwenyewe."

Akaandika gotini, kwa mwandiko wake wa darasa la nne. *Wamba. Kuivuta ngozi mbichi na kuifunga kwenye miti pande zote ili ikauke bila kukunjamana.* Akaingia ndani nacho, akasimama mbele ya ile kamba ndefu, vikadi elfu na zaidi, wala hakujua mahali pa kukitia. Hakuwahi kujifunza nini kinafuata nini. Akasimama hivyo, mkono hewani, watu wakimtazama.

Hasina akakichukua mkononi mwake, akakipitisha kambani karibu na mwisho, akafunga fundo.

"Haya," akasema, macho kitabuni, "linalofuata."